Mwongozo wa Kuzisoma Nishani za Ukumbusho za Ulaya

Yawezekana, msomaji, ukapita siku moja katika chumba cha makumbusho, au ukaletewa na mchuuzi wa vitu vya kale kipande cha shaba cha mviringo, kizito mkononi, chenye sura ya mtu upande mmoja na picha isiyofahamika upande wa pili, nawe ukaulizwa ni sarafu ya nchi gani. Makusudio ya mwongozo huu ni kukuwezesha kujibu kwamba hiyo si sarafu, kisha kueleza ni kitu gani, kilifanywa kwa namna gani na kwa ajili ya nani, na, lililo kubwa kuliko yote, kupima yale kinayoyasema yasadikiwe kwa kiasi gani. Kwani nishani ya ukumbusho ni kauli ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kulipa, iliyotiwa katika madini ili idumu kuliko umri wake. Na kauli ya namna hiyo haina budi kusomwa kama kadhi asikilizavyo shahidi, kwa adabu na kwa utulivu, bila ya haraka ya kusadiki wala ya kukanusha.

Pambanua kwanza

Vitu vitatu hufanana kwa umbo na hutofautiana kwa kazi. Sarafu hutolewa na dola, thamani yake huwekwa kwa sheria, na hupokelewa sokoni. Nishani ya heshima hupewa mtu kwa ajili ya utumishi au ushujaa, aghalabu ina pete ya kupitishia utepe, na huvaliwa kifuani. Za jinsi hiyo ndizo zilizozoeleka zaidi kwetu Afrika Mashariki, kama ile Nyota ya Burma waliyotunukiwa askari wa K.A.R. (King's African Rifles) waliopigana katika misitu ya nchi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nishani ya ukumbusho ndiyo ya tatu: hainunui kitu, haimpi mtu cheo, na kwa kawaida haivaliwi, bali hukusudiwa kushikwa, kugeuzwa, kusomwa na kuwekwa akiba. Walakini mpaka baina ya hizi mbili za mwisho huvukwa mara kwa mara, maana nishani za kutawazwa kwa wafalme wa Uingereza zilizotolewa mwaka 1911, 1937 na 1953 zilikuwa ukumbusho wa tukio na hali zilivaliwa kwa utepe. Basi ukiona pete, usikate shauri upesi. Tazama kwanza maandishi.

Ijue asili yake

Warumi wa kale walikuwa wakitia sura za makaisari wao katika sarafu, na mataifa ya Ulaya yalipoanza tena kuzichimbua na kuzipenda sarafu hizo, wakubwa wao waliona wivu wa kheri na wakataka sura zao nao zidumu vivyo hivyo. Francesco wa Pili wa Carrara, alipourejesha mji wa Padova mikononi mwake mwaka 1390, alifanyiwa nishani ndogo zenye sura yake kwa mfano wa zile za kale. Lakini aliyeifanya kazi hii kuwa sanaa yenye kanuni zake ni mchoraji Antonio Pisano, ajulikanaye zaidi kwa jina la Pisanello, ambaye mwaka 1438, alipofika Ferrara Kaisari Yohane wa Nane Palaiologos wa Konstantinopoli kuhudhuria baraza la kuyapatanisha makanisa ya Mashariki na Magharibi, alimtazama mgeni huyo mwenye kofia ndefu iliyochongoka, akamfanyia nishani yenye upana wa takriban milimita 103. Upande mmoja umo uso wa kaisari ukionekana ubavuni, umezungukwa na jina lake na cheo chake kwa Kiyunani. Upande wa pili yuko juu ya farasi, mbele ya msalaba uliosimama njiani, na pambizoni mwenye kazi ametia sahihi yake kwa Kilatini na kwa Kiyunani. Kaisari alikuja kuomba msaada dhidi ya Waturuki, msaada uliopatikana haukutosha, na mwaka 1453 mji wake ukatwaliwa; nishani imebaki.

Tangu hapo desturi ikaenea katika majumba ya watawala wa Italia, ikavuka milima hata Augsburg na Nuremberg, ambako mafundi wa Kijerumani walichonga mifano yao katika mti na jiwe badala ya nta, na haikukomea kwa Wakristo, maana hata Sultani Mehmed wa Pili, huyo huyo aliyeitwaa Konstantinopoli, alifanyiwa nishani na mafundi wa Kiitaliano, mmoja wao akiwa Costanzo wa Ferrara. Katika karne ya 16 likatumika shinikizo la parafujo, ambalo lilikandamiza madini baina ya mihuri miwili ya chuma kwa nguvu isiyofikiwa na nyundo, hata ikawezekana kutoa mamia ya nishani zilizo sawasawa. Mwaka 1663 Colbert, waziri wa Louis wa 14 wa Ufaransa, aliwakusanya wanazuoni wachache kazi yao ikiwa ni kutunga picha na maneno ya Kilatini ya kumtukuza mfalme. Mwaka 1702 kikatoka kitabu cha fahari chenye nishani 286 zilizopangwa kwa miaka, tangu kuzaliwa kwake, na hivyo tarehe ya dola nzima ikawa imeandikwa na mwenye dola mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18 Matthew Boulton wa Birmingham akazitia nguvu za mvuke mashine zake, na nishani, ambayo ilikuwa zawadi ya mfalme kwa mfalme, ikawa kitu ambacho fundi wa kawaida aliweza kukinunua, ikiwa ya bati badala ya fedha.

Usome uso

Ishike nishani kwa ukingo, baina ya kidole gumba na cha shahada, ukiwa umekaa mezani juu ya kitambaa, na mwanga uje kutoka ubavuni, kwani nakshi zilizoinuka hazionekani vema chini ya mwanga uangukao wima. Uso ndio upande wenye sura ya mtu, na maandishi yake kwa kawaida huanza chini kushoto au juu kabisa, yakazunguka kwa mwendo wa saa. Tafuta jina, kisha cheo, na usishangazwe na vifupisho: D.G. ni «kwa neema ya Mungu», REX ni mfalme, IMP. ni kaisari, PONT. MAX. ni papa wa Rumi. Herufi V husimama mahali pa U, na miaka huandikwa mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi. Tena katika nishani za Wajerumani na Waholanzi hutokea baadhi ya herufi zikawa kubwa kuliko nyingine pasipo sababu iliyo dhahiri, nazo ukizijumlisha kwa hesabu ya Kirumi hukupa mwaka wa tukio.

Tazama pia vazi. Mfalme wa karne ya 17 aliyevikwa taji la majani na joho la Kirumi hakuwa akivaa hivyo mezani pake. Fundi amemwazima utukufu wa kale, nawe umekwisha kuambiwa jambo la kwanza juu ya matamanio ya aliyelipa.

Geuza mgongo

Ikiwa uso hutaja ni nani, mgongo hueleza kwa nini. Hapa ndipo penye elimu, na hapa ndipo msomaji mgeni hukata tamaa, kwa kuwa picha za mgongo aghalabu ni za mafumbo. Leonello d'Este wa Ferrara alipooa mwaka 1444, Pisanello alimfanyia nishani ambayo mgongoni mwake simba anafundishwa kuimba na mtoto mwenye mabawa aliyeshika karatasi ya muziki: simba ni bwana arusi, kwa kuwa ndilo jina lake, na mwalimu ni mapenzi. Aliyealikwa arusini alifahamu mara moja. Sisi hatuna budi kuuliza.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa Firenze. Tarehe 26 Aprili 1478 watu wa ukoo wa Pazzi na washirika wao waliwashambulia ndugu wawili wa Medici ndani ya kanisa kuu, wakati wa misa; Giuliano akauawa, Lorenzo akajeruhiwa na kuokoka. Bertoldo di Giovanni akafanya nishani moja kwa ndugu wote wawili: upande mmoja kichwa cha Lorenzo juu ya kanisa, na maneno SALVS PVBLICA, yaani salama ya umma; upande wa pili kichwa cha Giuliano, na LVCTVS PVBLICVS, yaani msiba wa umma. Msomaji makini ataona kwamba fundi hakusema salama ya ukoo wala msiba wa ukoo. Familia moja imejifanya kuwa ndiyo mji, na hoja hiyo ya siasa imepitishwa ndani ya maombolezo.

Chini ya picha mara nyingi pana mstari ulionyooka, na chini ya mstari huo pana mahali, tarehe, au jina la tukio. Anza kusoma hapo kabla ya kuhangaika na fumbo, kwani mwaka mmoja na jina la mji mmoja hufungua mlango. Sahihi ya fundi itafute ukingoni mwa picha, au katika mkato wa bega la mtu upande wa uso. Ikiwa jina limefuatwa na F. au FEC., maana yake ni kwamba huyo ndiye aliyeifanya.

Uliza imefanywa kwa ajili ya nini

Makusudio ya nishani yanaweza kukusanywa katika mafungu machache, na kila fungu lina namna yake ya kusadikiwa.

Ziko nishani za misingi, ambazo ziliwekwa chini ya majengo ili watakaokuja baadaye wajue nani aliyejenga. Papa Julius wa Pili alipoweka jiwe la msingi la kanisa jipya la Mtakatifu Petro huko Rumi, mwezi wa Aprili 1506, zilitiwa msingini nishani zilizofanywa na Caradosso, zenye picha ya kanisa kama alivyolikusudia mjenzi Bramante, na kuba na minara yake. Jengo lilichukua zaidi ya karne nzima, wajenzi wakabadilika, na kanisa lililosimama leo silo lililo katika nishani. Kwa hiyo kipande hicho cha shaba ni miongoni mwa mashahidi wakubwa wa kusudi ambalo halikutimia. Nishani za fungu hili ziamini katika habari ya nia, usiziamini katika habari ya matokeo.

Ziko za zawadi, zilizopelekwa kwa marafiki na mabalozi, na hizi husema kweli juu ya jinsi mtu alivyopenda kuonekana. Ziko za upinzani: mwaka 1566 masharifu wa Uholanzi walipopeleka malalamiko yao Brussels wakaitwa ombaomba kwa dharau, nao wakaipokea dharau hiyo kuwa fahari, wakafanyiwa nishani yenye sura ya Mfalme Philip wa Pili upande mmoja, na upande wa pili mikono miwili iliyoshikana pamoja na mkoba wa mwombaji, na maneno ya kwamba watamtii mfalme katika yote, hata kufikia kubeba mkoba. Waliivaa shingoni. Hapo utii na uasi vimo katika shaba moja, nawe usipogeuza upande wa pili utadhani umeshika nishani ya mfuasi wa mfalme.

Tena ziko za ushindi, ambazo ni nyingi, na ndizo zitakiwazo kusomwa kwa hadhari kubwa kuliko zote.

Jihadhari na ushindi

Uongo wa kwanza ni wa kushangilia kabla ya wakati. Amiri Vernon wa Uingereza aliitwaa Porto Bello, bandari ya Wahispania huko Amerika, mwaka 1739 kwa merikebu sita tu, na nishani za bei nafuu zikamwagika katika miji ya Uingereza. Mwaka 1741 akaizingira Cartagena, mji wao mwingine huko, na kabla ya mwisho kujulikana mafundi wakaharakisha kutoa nishani zinazomwonyesha amiri wa Kihispania, Blas de Lezo, amepiga magoti mbele yake. Cartagena haikutwaliwa, Waingereza walirudi nyuma wameangamizwa na maradhi na risasi, na nishani hizo zikabaki kushuhudia tukio ambalo halikuwa. Napoleon naye, alipokuwa akikusanya majeshi kuvuka bahari na kuingia Uingereza, alichongewa mihuri Paris kwa ajili ya nishani iliyotaja kushuka Uingereza na kudai kwamba imepigwa London mwaka 1804. Majeshi hayakuvuka.

Uongo wa pili ni wa kulisifu ovu. Baada ya Waprotestanti wa Ufaransa kuchinjwa katika usiku wa Mtakatifu Bartholomayo, mwezi wa Agosti 1572, Papa Gregory wa 13 alitoa nishani yenye malaika aliyeshika upanga na msalaba, na maneno VGONOTTORVM STRAGES, machinjo ya Wahugenoti. Tukio ni kweli na mwaka ni sahihi. Kilichopotoka ni hukumu. Nishani ya namna hii usiifiche wala usiitetee, kwani hutoa habari ambayo vitabu vya adabu hupenda kuiruka, nayo ni kwamba waliofanya hawakuona haya.

Uongo wa tatu ni ule wa kunyamaza. Iko tokeni ya shaba iliyopigwa Uingereza kwa ajili ya Sierra Leone, inayotangaza kukomeshwa kwa biashara ya watumwa mwaka 1807, na upande wake wa pili umeandikwa kwa Kiarabu ili ifahamike na Waislamu wa pwani ile. Yasemwayo ni kweli. Lakini biashara ndiyo iliyokatazwa, si utumwa wenyewe, ambao katika makoloni ya Uingereza ulingoja sheria ya mwaka 1833. Na huku kwetu soko la watumwa la Unguja halikufungwa hata mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash. Kila usomapo nishani ya wema, uliza wema huo uliishia wapi.

Na wakati mwingine nishani humgeukia aliyeifanya. Karl Goetz wa Munich, kwa hasira juu ya merikebu ya abiria Lusitania, ambayo kwa maoni yake ilibeba silaha kwa siri, alifanya mwaka 1915 nishani ya kejeli, ambamo mifupa ya mtu inauza tikiti dirishani na juu pameandikwa kwa Kijerumani kwamba biashara ni bora kuliko vyote. Merikebu ilizamishwa na Wajerumani tarehe 7 Mei, wakafa watu wapatao 1,200. Goetz, kwa kukosea, akaandika tarehe 5. Waingereza wakaipata, wakatoa nakala zaidi ya laki mbili ndani ya visanduku, wakisema tarehe hiyo ni ithibati kwamba mauaji yalipangwa mapema. Ukiipata leo, tazama mwezi: ikiwa pameandikwa MAI ni ya mkono wa Kijerumani, ikiwa MAY ni nakala ya adui.

Pambanua ya asili na nakala

Nishani hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumimina: mfano wa nta au mti hukandamizwa katika mchanga au udongo, kalibu ikapatikana, na madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa ndani; nishani za namna hii zina uso laini, vijitundu vidogo mara nyingine, na hakuna mbili zilizo sawa kabisa. Ya pili ni kupiga kwa mihuri ya chuma, ambayo hutoa kingo kali na uwanda ulionyooka. Nishani ya Pisanello iliyopigwa, basi, si ya Pisanello.

Madini yakipoa husinyaa. Kwa sababu hiyo mtu akitengeneza kalibu kutokana na nishani iliyo tayari, nakala yake itatoka ndogo kidogo, na nakala ya nakala ndogo zaidi. Chukua rula, pima upana, ulinganishe na vipimo vilivyotangazwa na makumbusho makubwa, kama Makumbusho ya Uingereza yaliyoko London, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliyoko Paris, au jumba la Bode la Berlin, ambayo mengi ya yaliyomo ndani yake huonekana siku hizi kwa picha katika intaneti.

Kwa nishani za Paris kuna msaada wa pekee, maana kiwanda chake kiliendelea kupiga upya kwa mihuri ya zamani, kikatia alama ukingoni tangu mwaka 1832. Taa ya kale ni ya 1832 hata 1841. Nanga pamoja na herufi C ni ya 1841 hata 1842. Omo ya merikebu ni ya 1842 hata 1845. Mkono unaonyesha kidole ni wa 1845 hata 1860. Nyuki ni wa 1860 hata 1879. Na pembe iliyojaa matunda ni ya tangu 1880 na kuendelea. Kwa hiyo nishani yenye sura ya Napoleon na tarehe 1805, ikiwa ina nyuki ukingoni, si ya zama zake, bali ilipigwa zaidi ya nusu karne baadaye. Si ya uongo. Ila isinunuliwe kwa bei ya ile ya kwanza.

Wala ukubwa wa kazi si dalili ya kufaulu kwake. Benedetto Pistrucci aliagizwa mwaka 1819 kutengeneza nishani ya ushindi wa Waterloo, itakayopewa wafalme wanne walioshirikiana na majemadari wao wawili. Aliimaliza mwaka 1849. Kwa wakati huo wote walikuwa wamekwisha kufa isipokuwa jemadari Wellington, na mihuri ilikuwa mikubwa hata ikaogopwa kutiwa moto wa kuikaza isije ikapasuka. Nishani yenyewe haikupigwa.

Itunze

Usiisugue. Rangi ya kahawia au nyeusi iliyojengeka juu ya shaba kwa miaka mingi ndiyo ngozi yake, na anayeing'arisha kwa majivu, limau au dawa ya dukani huondoa pamoja na uchafu mistari myembamba ya fundi, ambayo hairudi. Usiiguse uso kwa vidole, kwa kuwa jasho hula madini. Katika pwani yetu yenye unyevu na chumvi hewani, iweke mahali pakavu, ndani ya karatasi isiyo na asidi, wala si ndani ya mifuko ya plastiki laini ya PVC, ambayo baada ya muda huacha utando wa kijani. Nishani za risasi zisiwekwe katika kabati la mwaloni, kwani mti huo hutoa mvuke wenye asidi ambao hugeuza risasi kuwa unga mweupe. Watunzaji wa Ulaya walipendelea mkangazi kwa sababu hiyo. Na kila nishani iandikiwe kadi yake: kipimo, uzito, madini, maandishi herufi kwa herufi, alama za ukingoni, na mahali ilipopatikana.

Kadi hiyo ikikamilika, ongeza mistari mitatu ya mwisho: nani alilipa, alitaka kuaminiwa nini, na nini kilichotokea kwa hakika. Atakayeijibu mistari hiyo ameisoma nishani yake. Na asiyeijibu, hata akiwa na sanduku zima la dhahabu, ana madini tu.